Kilo Sitini na Mbili za Mzee Anaclet Okito

Tarehe 31 Desemba 1958, saa kumi na moja jioni, Mzee Anaclet Okito atafunika mizani ya uwanja wa ndege wa Kindu kwa turubai lake la kijani, na kesho yake hatarudi kulifunua. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa ya kazi: kumi na saba kwenye stesheni ya treni, kumi na miwili hapa kwetu. Kamati ya wafanyakazi imeniomba niandike maneno machache ya heshima kwa gazeti letu. Ya heshima nimejaribu. Machache, imeshindikana.

Alitoka upande wa Pangi mwaka 1929, akiwa na shati moja na shingo ngumu ya kubebea magunia. Shule hakuiona. Kusoma alijifunza kwenye magunia yenyewe, herufi kwa herufi, na ndiyo maana hadi leo akiandika barua kwa shemeji yake humalizia kwa maneno MAHALI PAKAVU. Mwaka 1946 uwanja wa ndege ulipoletewa mizani kubwa ya chuma, yenye uso kama wa saa na sindano nyekundu, wakubwa walitafuta mtu wa kuisimamia. Waliwapanga wapagazi kumi mbele ya gunia la mpunga wakawauliza uzito wake. Tisa walitazama gunia. Okito alilitazama, akalipiga teke, akataja kilo na nusu yake. Kazi ikawa yake.

Wasomaji wetu wa mtoni na wa stesheni, ambao mizigo yao husafiri bila haraka, lazima waelezwe jambo moja. Ndege zinazotua hapa ni ndogo. Kila kinachopanda hupimwa: abiria, sanduku, na kile anachoshika mkononi. Cha mkononi ni kimoja tu, kisizidi kilo tano, kikae mapajani. Mtoto mchanga hupita bure. Watu wa Kindu walipoisikia sheria hiyo walifanya kama wafanyavyo kwa sheria zote: walitafuta mlango wa nyuma. Wako waliokuja wamevaa suruali tatu na makoti mawili katika jua la mwezi wa pili, wakasahau kwamba hata wao wenyewe watapanda kwenye mizani.

Lakini waliomtesa Mzee Okito kuliko wote ni watu wa hospitali na watu wa muziki. Mfanyabiashara huliacha gunia lake lije kwa boti, naye hulala usingizi. Mganga na mpiga kinanda hawakubali kuachana na chombo chao hata kwa dakika moja. Mtawa mmoja wa hospitali alishika hadubini mapajani kutoka hapa mpaka Kasongo kama anayebeba kikapu cha mayai, na aliposhuka, magoti yalikuwa yamekataa kunyooka. Padri mmoja alikuja na kinanda cha kukanyaga, akaeleza kwamba kile si mzigo bali ni sehemu ya Misa. Mzee Okito, ambaye ni Mkatoliki wa kubatizwa, alijibu kwamba anasadiki, kisha akakipandisha kwenye mizani. Imani ile ilikuwa na kilo arobaini na moja. Ilikwenda kwa boti.

Hamisi, mpiga akordeoni ambaye hakuna harusi ya mjini asiyoifahamu, alijaribu mlango wake mwaka 1952. Alifika akiwa amebeba mtoto mchanga aliyefungwa vizuri katika kitenge, kofia ya sufu kichwani. Mzee Okito akauliza jina la mtoto. Hamisi akasema ni Fatuma. Mzee akaomba ampakate kidogo, kwa kuwa anapenda watoto, na Fatuma alipobanwa kifuani akalia kwa sauti mbili kwa pamoja, moja nene na moja nyembamba. Katika daftari la siku ile bado unaweza kusoma kwa mwandiko wake: *Fatuma, kilo tisa, amekataliwa, arudi kwa mama yake.*

Sasa nieleze siri ya ukali wake. Mizani ilipoletwa ilikuja na mawe yake ya shaba ya kuhakikishia uzito. Mwaka 1947 ofisi moja ya mjini iliyaazima kwa siku mbili, na siku hizo mbili hazijaisha hadi leo. Mzee Okito hakulalamika. Alikwenda hospitali, akapimwa kwenye mizani nzuri, akapata kilo sitini na mbili kamili, akarudi na kusema kwamba mawe hayahitajiki tena. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, alivua viatu na kupanda. Sindano ikisema sitini na mbili, kazi ianze. Ikisema vingine, mizani ndiyo imekosea, na yeye huizungusha skrubu ya nyuma mpaka itubu.

Kwa hiyo alijilinda. Mke wake, Mama Aziza, analalamika mpaka leo kwamba ameolewa na jiwe la mizani. Sombe, majani ya muhogo ya mafuta ya mawese, ikiletwa mara ya pili, Mzee huifunika sahani kwa mkono. Karamu za jirani hula nusu. Tumbo lake lilikuwa mali ya serikali, na serikali haikujua.

Mwaka 1955 likatokea jambo ambalo haliwezi kutokea ila katika nyumba za Kindu. Mzee ni wa kanisa, Mama Aziza ni wa msikiti, na wameishi hivyo miaka mingi kwa amani kuliko wengi wenye dini moja. Kwaresima ya mwaka ule Mzee alifunga, lakini kwa wastani. Pasaka akala. Wiki mbili baadaye ukaingia Ramadani. Kufunga hakumhusu, lakini kufuturu alisema ni heshima kwa wakwe. Basi kila jioni alikuwa wa kwanza kwenye mkeka: uji, sambusa, wali, kuku, samaki wa mto Lualaba, na baada yake chai ya kusindikiza. Mchana alikula chakula chake cha Kikristo kama kawaida. Idi ilipofika alikuwa mtu mwenye dini mbili na tumbo moja.

Asubuhi baada ya Idi, akiwa hajajipima mwezi mzima kwa kuchelewa kuamka, alivua viatu, akapanda. Sindano ikaonyesha sitini na sita. Mzee akaitazama kwa huzuni, kama mtu anayemkuta rafiki wa zamani amelewa. Akashuka, akaenda nyuma, akazungusha skrubu. Akapanda tena. Sitini na mbili. Kazi ikaanza.

Mizani ikiwa tupu hukujua lolote, kwa sababu sindano ina kijiti kidogo kinachoizuia isishuke chini ya sifuri. Ilikaa pale imelala, nyofu kabisa. Lakini tangu siku ile kila kilichopanda kilipoteza kilo nne. Kifurushi cha kilo tatu hakikuiamsha sindano kabisa. Mjini yakaanza maneno kwamba Mzee Okito ameokoka, roho yake imelainika. Watu walimletea salamu. Hamisi alileta akordeoni yake bila kitenge wala kofia, ikaonyesha kilo tano, ikapita mkononi, naye hakuuliza. Aliyepewa hasemi.

Aliyesema ni rubani, Bwana Michel. Alilalamika kwamba ndege imekuwa mvivu, inaikaribia miti ya mwisho wa uwanja kama inayotaka kuchuma matunda. Mzee alimjibu kwa adabu kwamba mizani haisemi uongo, aangalie injini. Mafundi wakaifungua injini mara mbili wakaifunga mara mbili, wakabakiwa na boliti moja ambayo hakuna aliyejua inatoka wapi. Ndege ikaendelea kuchuma matunda.

Tukafika Jumanne, tarehe 21 Juni.

Siku ile ndege ilikuwa ya Kampene, na ilikuwa imejaa. Wa kwanza katika orodha alikuwa mkubwa wetu wa uwanja wa wakati ule, ambaye sisi tulimwita Bwana Saa Sita kwa sababu ya saa aliyokuwa akimaliza kazi. Amekwisha kurudi kwao Ulaya, na gazeti letu halifiki kule, nashukuru. Alikuwa anakwenda kwenye sikukuu ya wakubwa wa machimbo, na kreti moja ya mvinyo. Hamisi na wenzake wawili walikuwa wanakwenda kupiga muziki kwenye sikukuu hiyohiyo, na akordeoni, banjo na ngoma mbili. Wa mwisho, aliyeandikwa kwa penseli asubuhi ileile, alikuwa Mama Geneviève, mkunga wa hospitali. Simu ya upepo ilikuwa imemwita usiku. Kule Kampene mke wa fundi mmoja wa mashine, jina lake Marie-Louise, alikuwa na mimba ya mapacha. Uzazi uliotangulia ulikuwa umemwachia kaburi moja na homa ya mwezi mzima, na sasa uchungu ulikuwa umeanza kabla ya wakati. Daktari wa kule alikuwa likizo. Mama Geneviève alikuwa na sanduku la vyombo na chupa za maji ya kutia mshipani, na mkononi mizani ndogo ya kupimia watoto pamoja na mfuko wa mawe yake. Ndege nyingine ilikuwa ya Ijumaa.

Tukapima: abiria watano, vipande saba vya mizigo. Jumla ikafika kikomo kamili, bila kilo ya kubaki. Bwana Saa Sita, ambaye alipenda sheria wakati ilipowagusa wengine, aliona kwamba mama yule ana vitu viwili mkononi, mizani na mfuko. Akaamuru mfuko upimwe peke yake. Mama Geneviève akatoa jiwe moja kati ya yaliyokuwamo, jiwe la shaba, akaliweka juu ya chuma.

Sindano ikapanda mpaka moja, ikasimama.

Hapa nataka msomaji afikiri kidogo. Mizani ilikuwa imempendelea. Sanduku lake lilikuwa limepita, mfuko ulikuwa umepita, ndege ilikuwa inamsubiri na mtu kule alikuwa anamsubiri zaidi. Angenyamaza angepanda. Lakini mama huyu amekaa miaka kumi akipima watoto, na kwa watoto robo ya kilo ni tofauti ya kucheka na kulia. Alimwangalia Mzee Okito.

"Baba Okito," akasema, "hii jiwe iko kilo tano tangu itoke Ulaya. Mizani yako inasema moja. Kati ya hawa wawili, nani analala?"

Mzee aliinama. Alivua viatu, akapanda. Sitini na mbili. Akashuka, akaonyesha sindano kwa mkono kama shahidi aliyemaliza kazi. Mama Geneviève hakutazama sindano. Alitazama mshipi wa Mzee, ambao ulikuwa umeacha tundu lake la zamani, lililochakaa kwa miaka minane, ukahamia tundu la tatu, jipya, lililotobolewa kwa msumari. Sote tukatazama mshipi. Mwishowe hata mwenye mshipi aliutazama.

Ni vizuri wasomaji wajue alichokuwa nacho mkononi saa ile. Alikuwa amebakiza miaka mitatu na nusu kabla ya kustaafu. Kwa kosa dogo kuliko hilo watu walikuwa wamerudishwa vijijini bila barua. Na bado njia ilikuwepo: kusema jiwe la hospitali limechakaa, na nani angebisha? Jiwe halina mke wa kulitetea. Badala yake alikaa juu ya ukingo wa mizani, akavaa viatu polepole, akafunga kamba zote mbili, akasimama.

"Mizani haina makosa," akasema mbele ya watu wote. "Muongo njo mimi mwenyewe."

Bwana Michel, rubani, alikaa juu ya ngoma ya Hamisi akacheka mpaka akatoa machozi, kisha akaacha ghafla, nadhani kwa kuikumbuka ile miti. Mzee alichukua jiwe la Mama Geneviève, akazungusha skrubu mpaka tano ikawa tano. Akapima upya kila kitu, na kila kitu kilirudisha kilo zake nne, mara kumi na mbili. Tulikuwa tumezidi kwa kilo arobaini na nane.

Bwana Saa Sita hakusita. Alisema sanduku la hospitali na mwenye nalo wasubiri Ijumaa. Wanawake wa Kongo, alieleza, wamekuwa wakizaa bila masanduku tangu zamani. Akaongeza kwamba kuhusu muongo wetu ataandika barua leo hii. Hamisi, nampa haki yake, alikwenda kando na wenzake wakanong'onezana, akarudi kusema kwamba ngoma zishuke, wao watapiga hata madebe. Lakini ngoma mbili zilikuwa kilo ishirini na sita tu.

Sasa, ukutani juu ya mizani kulikuwa na karatasi ya amri, katika kioo, yenye mhuri na sahihi ya Bwana Saa Sita mwenyewe. Hakuna aliyekuwa ameisoma tangu itundikwe, isipokuwa mtu aliyejifunza kusoma kwenye magunia na ambaye husoma chochote kinachosimama wima. Mzee Okito hakubishana na mkubwa. Mtu mweusi hakubishana na mkubwa mwaka 1955, wala sasa hivi si mchezo ulioenea. Aliondoa kioo ukutani, akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akasoma kwa Kifaransa, taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma Injili siku ya sikukuu: uzito ukizidi, atashuka kwanza abiria ambaye kazi yake ya safari haikuandikwa.

Kisha akampa rubani orodha ya siku. Mbele ya Hamisi na wenzake palikuwa pameandikwa *muziki*. Mbele ya Mama Geneviève, *uzazi*. Mbele ya jina la kwanza palikuwa peupe, kwa sababu mkubwa hajiulizi mwenyewe anakwenda kufanya nini. Na pembeni, kwa mwandiko safi wa Mzee, uzito wake mpya: kilo tisini na nane.

Katika ndege neno la mwisho ni la rubani. Bwana Michel aliitazama orodha, akaitazama miti. Akaomba penseli.

Ngoma zikapanda. Banjo ikapanda. Akordeoni, ambayo ilikuwa imerudia kilo zake tisa, iliruhusiwa mapajani kwa siku ile tu, na Mzee aliifunga mkanda mwenyewe ili Fatuma asilie angani. Sanduku la hospitali liliwekwa nyuma ya rubani, na mizani ya watoto kwenye magoti ya Mama Geneviève. Kreti ya mvinyo nayo ilikwenda. Ilikuwa imepimwa, na kazi yake Kampene ilijulikana. Aliyebaki ni mwenyewe, amesimama katikati ya uwanja na kofia mkononi. Ndege ikaondoka ikaipita miti kwa juu sana, kama mtu mwenye haya anayempita mdai wake.

Saa ilikuwa nne. Kwa mara ya kwanza Bwana Saa Sita alikaa ofisini mpaka saa kumi. Alikuwa anaandika barua.

Siku ya pili simu ya upepo ilifika kutoka Kampene, kwa jina la Anaclet Okito, ambaye hajawahi kupata simu maishani na ambaye aliishika karatasi yake dakika nzima kabla ya kuifungua akidhani amekufa mtu. Ilisema: *Kilo mbili na robo. Kilo mbili na nusu. Mama hajambo. Jiwe ni sahihi.*

Barua ya Bwana Saa Sita ilifanya kazi yake. Mzee aliondolewa kwenye mizani, akawekwa kufyeka majani ya uwanja kwa miezi saba. Aliyafyeka vizuri, na miti ya mwisho wa uwanja pia akaipunguza, bila kuagizwa. Barua ya Bwana Michel ilikuwa fupi zaidi ya ile ya mkubwa: ilisema hataruka na karatasi yoyote isiyo na mwandiko wa Okito. Mwezi wa pili wa mwaka 1956 Mzee alirudishwa, na juu ya mizani alikuta jiwe la shaba la kilo tano, zawadi ya hospitali, limefungwa kwa mnyororo ili ofisi za mjini zisiliazime. Jioni ile Mama Aziza alipakua sombe mara ya pili, na mkono haukufunika sahani.

Hayo njo maisha yake ya kazi, kwa ufupi tulioweza. Tangu siku ile hakuna ndege iliyoondoka Kindu na uongo wa hata nusu kilo, na wale waliokuwa wakimwita mkali sasa husubiri zamu yake. Amefundisha wapimaji wawili. Wote wawili anawakataza kujitumia kama mawe.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mtu huyu aliyepandisha angani nusu ya Maniema hajapanda ndege hata siku moja. Kwa hiyo tumechanga sote, na Jumanne tarehe 6 Januari atakwenda Kampene kuwaona watoto wawili wa Marie-Louise, mvulana Okito na msichana Geneviève, ambao wana miaka mitatu na nusu na, tunaambiwa, hawashibi. Mama Aziza anakwenda naye. Hamisi atawasindikiza kwa akordeoni, lakini mpaka mlangoni tu. Tayari tumeona kikapu ambacho Mama Aziza anakusudia kukishika mkononi. Kwa jicho tu, kina kilo kumi na moja. Kitapimwa.

Nawe pia utapimwa, Mzee wetu, kama alivyopimwa kila mtu mbele yako. Jana ulikataa kupanda ukisema kazi haijaisha. Siku hiyo utapanda, na sindano itasema inalotaka. Wewe si jiwe la mtu tena. Asante kwa miaka ishirini na tisa, na asante zaidi kwa ile asubuhi moja. Ukae salama na wako, ule ushibe kwa Idi na kwa Pasaka, na mshipi, Baba Okito, ulegeze.